BARAZA LA BWANA SHAMBA: Radi Imepiga Mti Mmoja, Mbona Ng'ombe Wengi Wamekufa?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mtama ghalani. Mwezi huu tunatoka ghalani na kutazama mawinguni. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba, huendelea mpaka Aprili. Wakulima wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Kondoa na Mpwapwa wanazingoja kwa hamu. Lakini mvua hizi haziji peke yake. Huja na radi.

Radi huua watu. Radi huua mifugo. Kila msimu wafugaji huniuliza swali hili: "Bwana Shamba, radi imepiga mti mmoja tu. Mti wenyewe haukuanguka. Mbona ng'ombe waliokufa ni wengi?"

Hili ni swali zuri. Kijijini hujibiwa haraka kwamba kuna mtu ameituma. Leo tutalijibu kwa kutumia elimu ya umeme. Tutajifunza maneno matatu: chaji, uga na potenshali. Usiyaogope. Ulipoanza kisomo hata herufi "a" ilikuwa ngumu. Tutakwenda polepole, neno baada ya neno.

CHAJI NI NINI?

Tuanze na jaribio. Chukua kalamu ya plastiki. Chana karatasi vipande vidogo sana, kila kimoja kama punje ya mtama. Viweke mezani. Sasa sugua kalamu kwenye nywele zako kavu mara ishirini. Isogeze karibu na vile vipande vya karatasi, lakini usiviguse.

Utaona nini? Vipande vitaruka na kushika kalamu. Jaribio hili linafaa sana wakati wa kiangazi, kwa sababu hewa ya kwetu ni kavu. Siku ya mvua halifanyi kazi vizuri.

Tena, miezi ya Juni na Julai usiku ni baridi na hewa ni kavu. Ukivua sweta la nailoni gizani utasikia mlio kama wa chumvi iliyotupwa motoni. Mara nyingine utaona cheche ndogo. Cheche hizo ni umeme. Ni ndugu wadogo wa radi.

Umeme huo umetoka wapi? Kila kitu duniani kimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Huitwa atomu. Jiwe lina atomu. Maji yana atomu. Wewe na mimi tuna atomu. Ndani ya kila atomu kuna chaji za aina mbili. Moja huitwa chaji chanya. Nyingine huitwa chaji hasi. Chembe zenye chaji hasi huitwa elektroni.

Kwa kawaida chaji chanya na chaji hasi zinalingana. Kwa hiyo hatuoni lolote. Lakini ukisugua kalamu kwenye nywele, elektroni nyingine huhama. Hutoka kwenye nywele, huingia kwenye kalamu. Kalamu sasa ina chaji hasi nyingi. Nywele zimebaki na chaji chanya nyingi.

Kumbuka sheria hii ya chaji:

Chaji zinazofanana husukumana.
Chaji zisizofanana huvutana.

Kumbuka pia kwamba kusugua hakuumbi chaji mpya. Kusugua huzitenganisha zile zilizokuwapo. Zikisha kutengana, hutafuta njia ya kurudiana. Kurudiana huko ndiko kunakoleta cheche.

UGA WA UMEME

Tulisema usiguse karatasi kwa kalamu. Hata hivyo karatasi iliruka. Nguvu ya kalamu iliifikiaje?

Fikiri juu ya moto wa jikoni. Huhitaji kuushika ili ujue kwamba unawaka. Ukikaa karibu unapata joto. Ukisogea mbali joto linapungua. Kuzunguka moto kuna eneo ambamo joto lake linafika.

Chaji nayo iko hivyo. Kila chaji imezungukwa na eneo ambamo nguvu yake inafika. Eneo hilo huitwa uga wa umeme. Karibu na chaji uga una nguvu nyingi. Mbali nayo nguvu hupungua.

Uga una tabia moja ambayo mfugaji lazima aijue. Juu ya vitu virefu na vyenye ncha, uga huwa mkali zaidi kuliko juu ya ardhi iliyo sawa. Ncha ya mti, ncha ya mnara, pembe ya paa, kichwa cha mtu aliyesimama peke yake mbugani: hapo ndipo uga hukaza.

Nguvu ya uga hupimwa kwa volti kwa kila meta. Siku ya jua, isiyo na mawingu, hewa ina uga wa kiasi cha volti 100 kwa meta. Huna habari nao, wala haukudhuru. Chini ya wingu la radi uga wa karibu na ardhi hupanda. Hufika volti 10,000 kwa meta, na hata zaidi. Hapo ndipo nywele za mtu huweza kusimama. Kila unywele umepata chaji, nazo zinasukumana. Ukiona nywele zako zinasimama mbugani, au ngozi inatekenya kama inatembelewa na sisimizi, usicheke. Radi iko karibu kupiga hapo ulipo.

MAWINGUNI KUNA NINI?

Wingu la radi ni refu sana kwenda juu. Huweza kupanda kilometa 10 na zaidi. Huko juu ni baridi kali kuliko baridi ya Dodoma mwezi wa Julai. Maji huganda yakawa barafu. Kuna punje ndogo nyepesi za barafu, na kuna punje nzito zaidi, kama zile za mvua ya mawe.

Ndani ya wingu upepo hupanda kwa nguvu. Punje nyepesi hupeperushwa juu. Punje nzito hubaki chini. Zinapopishana hugongana na kusuguana. Kama kalamu na nywele, chaji zinatengana. Kwa kawaida sehemu ya juu ya wingu hupata chaji chanya. Sehemu ya chini hupata chaji hasi.

Sasa tazama ardhi. Chaji hasi za chini ya wingu zinasukuma elektroni za ardhini zikimbie. Ardhi iliyo chini ya wingu inabaki na chaji chanya. Wingu na ardhi vinavutana. Kati yao iko hewa.

Hewa kavu haipitishi umeme kwa urahisi. Lakini kila kizuizi kina kikomo. Katika hewa kavu ya kawaida, kikomo hicho ni kiasi cha volti milioni 3 kwa meta. Ndani ya wingu hewa huweza kushindwa hata kabla ya kufika hapo. Hewa ikishindwa, chaji hujipasulia njia. Hushuka kwa vipande, kipande baada ya kipande. Njia hiyo inapokaribia ardhi, nyingine ndogo hupanda kuilaki kutoka kwenye vitu virefu. Zikikutana, chaji nyingi hupita mara moja. Hiyo ndiyo radi.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa kiasi cha ampea 30,000. Hewa inakopita hupata joto la kiasi cha nyuzi 30,000 za Selsiasi. Joto hilo ni zaidi ya lile la uso wa jua. Hewa hupanuka ghafla na kutoa mlio. Mlio huo ndio ngurumo.

Watu walithibitisha lini kwamba radi ni umeme? Mwaka 1752. Mmarekani mmoja, Benjamin Franklin, alitoa shauri kwamba fimbo ndefu ya chuma isimamishwe wakati wa mawingu ya radi. Huko Ufaransa shauri lake lilifuatwa, na fimbo ikatoa cheche. Mwaka 1753 mtaalamu Georg Richmann wa Urusi alikuwa akifanya jaribio la namna hiyo. Radi ilimpiga, akafa. Kwa hiyo jaribio letu liwe la kalamu na karatasi tu. Usicheze na radi.

POTENSHALI NI NINI?

Neno hili la tatu ndilo litakalojibu swali la ng'ombe.

Fikiri juu ya tangi la maji la kijiji. Limejengwa mahali pa juu. Maji hutoka kwenye tangi, hushuka kwenye bomba, hufika kwenye kioski cha maji. Kwa nini yanashuka? Kwa sababu tangi liko juu na kioski kiko chini. Kama tangi na kioski vingekuwa kwenye usawa mmoja, maji yasingetembea. Kinachosukuma maji ni ile tofauti ya juu na chini.

Umeme nao una juu na chini yake. Huo "ujuu" wa umeme huitwa potenshali. Tofauti ya potenshali kati ya mahali pawili hupimwa kwa volti. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Betri ya gari ina volti 12. Umeme wa nyumbani una volti 230. Radi ina volti mamilioni mengi.

Umewahi kuona ndege ametua juu ya waya mtupu wa umeme? Mbona hafi? Miguu yake yote miwili iko juu ya waya ule ule. Potenshali ya mguu wa kushoto ni karibu sawa na ile ya mguu wa kulia. Hakuna tofauti ya kusukuma umeme upite mwilini mwake. Lakini akigusa waya huo pamoja na kitu kingine kilichoungana na ardhi, hufa papo hapo.

Kwa hiyo shika neno hili: umeme hupita mwilini pale ambapo sehemu mbili za mwili zimegusa mahali penye potenshali tofauti.

SASA TUJIBU SWALI LA NG'OMBE

Radi imepiga mbuyu. Chaji imeshuka kwenye shina na kuingia ardhini. Haikomi hapo. Husambaa ardhini pande zote, kama maji yaliyomwagwa chini.

Fikiri juu ya kichuguu. Katikati ni juu. Pembeni kinateremka. Karibu na kilele mteremko ni mkali. Ukienda mbali mteremko hulala, mwisho unakuwa sawa na ardhi. Radi ikipiga mti, potenshali ya ardhi huwa na umbo kama la kichuguu. Penye shina ndipo kileleni. Ukitoka kwenye shina inashuka. Kichuguu hiki hakionekani kwa macho, na hudumu kwa muda mfupi sana. Lakini muda huo unatosha kuua.

Ng'ombe amesimama chini ya mti, kichwa kimeelekea shina. Miguu ya mbele iko juu ya mteremko. Miguu ya nyuma iko chini ya mteremko. Kati ya miguu hiyo kuna meta moja na nusu hivi. Umeme hupanda mguu wa mbele, hupita kifuani na tumboni, hushuka mguu wa nyuma. Moyo uko njiani. Ng'ombe huanguka bila radi yenyewe kumgusa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme radi ya ampea 30,000 imeingia kwenye udongo wenye unyevu. Ng'ombe aliye meta 5 kutoka kwenye shina hupata kati ya miguu yake tofauti ya kiasi cha volti 22,000. Ng'ombe huyo huyo angekuwa meta 20 kutoka kwenye shina, angepata kiasi cha volti 1,700. Mtu aliye meta 5 akiwa ameweka miguu karibu karibu, sentimita 20 tu, hupata volti pungufu ya 4,000. Hizo nazo ni nyingi na ni za hatari. Lakini umeona tofauti? Umbali unasaidia. Miguu iliyokaribiana inasaidia.

Ndiyo maana radi moja huweza kuua ng'ombe wengi na kumwacha mchungaji hai. Ng'ombe ana miguu minne iliyo mbali mbali. Tena mvua ikinyesha ng'ombe hupenda kujikusanya chini ya mti mmoja. Mwezi Agosti 2016, huko Norway, Ulaya, wanyama pori 323 wa jamii ya kulungu walikufa pamoja mlimani. Walikuwa wamejikusanya wakati wa radi. Umeme ulipita ardhini na kuingia miguuni mwao.

RADI HAITUMWI NA MTU

Ndugu msomaji, hapa ninaomba tusikilizane kwa utulivu.

Radi haina macho. Haina masikio. Haichagui tajiri wala maskini, mwenye dhambi wala mtu mwema. Hufuata chaji, uga na potenshali. Mwaka 2011, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao shuleni. Mwezi Oktoba 2018, hapa kwetu mkoani Geita, radi iliua wanafunzi 6 wakiwa shuleni. Mwezi Machi 2018, huko Rwanda, iliua watu 16 waliokuwa kanisani. Je, watoto wale walikuwa na ugomvi na nani?

Katika nchi yetu wazee, hasa akina mama wazee, wamepoteza maisha kwa kusingiziwa uchawi. Radi ikiua mtu mmoja kijijini, msiba unatosha. Tusiuongeze kwa kumwinda bibi wa watu. Kijiji kinachotafuta mchawi hakimtafuti fundi wa kuweka kinga ya radi. Msimu ujao radi itapiga tena pale pale, kwa sababu kitu kirefu bado kipo pale pale. Si kweli kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili.

Tena, nguo nyekundu haiiti radi. Kioo hakiiti radi. Kuvifunika hakukukingi. Kinachokuhatarisha ni kusimama mahali pa juu, mahali pa wazi, au karibu na kitu kirefu.

TUFANYE NINI?

Wakati wa mawingu ya radi fuata mashauri haya:

1. Hesabu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kiasi cha kilometa moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, radi iko karibu. Ondoka mbugani mara moja.

2. Usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Mbuyu ni mkubwa na unavutia, lakini wakati wa radi ni mahali pabaya sana. Umeme huweza kuruka kutoka kwenye shina ukakupiga pembeni, au ukaja kwa njia ya ardhi.

3. Ondoka mlimani, juu ya mwamba na juu ya kichuguu. Toka kwenye lambo na mtoni. Weka chini jembe unalobeba begani.

4. Jitenge na uzio wa seng'enge. Chuma hupitisha umeme vizuri. Radi ikipiga uzio huku, huweza kuua ng'ombe aliyeegemea uzio kule mbali.

5. Ingia kwenye jengo kubwa imara, au kwenye gari lililofunikwa kwa bati pande zote. Ndani ya gari usiguse chuma. Tembe na nyumba ya nyasi hazizuii radi. Kama huna mahali pengine, kaa katikati ya chumba, mbali na ukuta, mlango na nguzo. Kaa juu ya kigoda au kitanda, miguu pamoja.

6. Kama umekutwa mbugani na hakuna pa kukimbilia, chuchumaa mahali pa chini. Miguu igusane. Usilale chini. Ukilala unakuwa kama ng'ombe: kichwa mahali pa juu ya mteremko, miguu mahali pa chini. Kama mko wengi, mtawanyike.

7. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudi kazini. Radi huweza kupiga hata mvua ikiwa imekatika.

Juu ya mifugo: ukiona wingu linajenga mchana, rudisha ng'ombe mapema. Wasikusanyike chini ya mti mmoja. Lakini mwambie kijana wako maneno haya kabla hajatoka nyumbani: "Radi ikikaribia, waache ng'ombe ukimbilie mahali salama." Ng'ombe hununuliwa mnadani. Mtoto hanunuliwi.

Ng'ombe akifa ghafla, usimchune wala usigawe nyama kabla ya kumwita mtaalamu wa mifugo. Kimeta nacho huua ghafla, na huambukiza watu.

MTU AKIPIGWA NA RADI

Wengine huogopa kumgusa wakidhani ana umeme. Woga huo umepoteza watu ambao wangepona. Chaji ya radi imekwisha kuingia ardhini. Mwilini mwake haimo. Mguse.

Kama hapumui, mlaze chali. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Gandamiza kwa nguvu na kwa haraka, kifua kishuke sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Usiache mpaka aanze kupumua au msaada ufike. Watu wengi hupona kwa kusaidiwa upesi. Kama waliopigwa ni wengi, anza na asiyepumua. Anayelia yu hai, huyo anaweza kungoja kidogo. Kisha wote wapelekwe zahanati, hata anayesema hana maumivu.

WAYA ULIOKATIKA

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Mtu aliyeshikwa na waya wa umeme ni tofauti na mtu aliyepigwa na radi. Radi imepita na kwisha. Waya bado unaleta umeme. Usimguse mpaka umeme umezimwa.

Waya ukikatika na kuanguka, hutengeneza kichuguu kile kile cha potenshali ardhini. Kaa mbali, meta 10 au zaidi. Ukijikuta karibu nao, usikimbie wala usipige hatua ndefu. Hatua ndefu ni miguu ya ng'ombe. Weka miguu pamoja, ondoka kwa kuiburura kidogo kidogo. Wazuie watoto na mifugo. Tuma habari TANESCO.

KAZI YA KIJIJI

Kinga ya radi ni chombo cha siku nyingi. Ni fimbo ya chuma iliyosimamishwa juu ya paa. Imeunganishwa na waya nene wa shaba unaoshuka mpaka kwenye vyuma vilivyozikwa ardhini. Radi ikipiga, chaji hupata njia rahisi nje ya nyumba. Haipiti mwilini mwa watoto. Shule ile ya Kiryandongo ilikuja kuwekewa kinga hiyo baada ya msiba. Ni afadhali sisi tuiweke kabla.

Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua. Fimbo isiyounganishwa vizuri na ardhi ni hatari kuliko kutokuwa na fimbo. Katika mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, simama uulize: Je, shule yetu ina kinga ya radi? Zahanati je? Kama ipo, ilikaguliwa lini? Waya wake haujakatwa na wezi wa shaba? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Wewe sasa unajua kusoma. Utausoma muhtasari huo mwenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chaji: mali ya umeme iliyo katika chembe. Ni chanya au hasi.
Elektroni: chembe ndogo mno yenye chaji hasi.
Uga wa umeme: eneo la kuzunguka chaji ambamo nguvu yake inafika.
Potenshali: "ujuu" wa umeme wa mahali.
Volti: kipimo cha tofauti ya potenshali.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini vipande vya karatasi huruka kabla ya kalamu kuvigusa?
2. Ndege juu ya waya hafi. Ng'ombe chini ya mti hufa. Eleza tofauti yao.
3. Kwa nini kulala chini wakati wa radi si vizuri?
4. Taja vitu virefu vitano vilivyo kijijini kwenu. Ni wapi watoto hujikinga mvua? Je, mahali hapo panafaa?
5. Mtu amepigwa na radi, jirani anakataza asiguswe. Utamwambia nini?

Jioni ya leo msomee jaribio la kalamu yule ambaye bado hajaanza kisomo, mlifanye pamoja. Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchimba makinga maji shambani ili mvua isichukue udongo wetu.

Nawatakia msimu mwema.

Bwana Shamba wenu